Mweria, Mikoko na Sarafu: Uchumi wa Kesho Ulioanza Jana Kwale

Leo naweka kando seva na msimbo, tuzungumze historia. Tarakilishi itaingia mlangoni kabla hatujamaliza, lakini si yeye mgeni wa heshima. Nataka tuulize swali ambalo watu wa fani yetu hulipenda sana: jamii ya kesho itaishi vipi? Itatumia pesa gani? Itakula na kujenga vipi bila kuimaliza ardhi na bahari? Kwa kawaida maswali haya huulizwa California au Ulaya, katika kumbi zenye viyoyozi. Mimi nitayauliza Kwale, kati ya Diani, Msambweni na Kinango, kwa sababu ndiko nilikotiwa adabu na programu niliyoiandika kwa mikono yangu mwenyewe.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 2016 shangazi yangu, anayeishi kijiji kimoja cha ndani ya Msambweni, alinipigia simu. Yeye na wanawake wenzake kumi na watatu walikuwa na kikundi cha kulimiana mashamba. Wiki hii wote wako kwa huyu, wiki ijayo wote wako kwa yule. Mwenye shamba anapika, wenzake wanalima, jioni kila mtu anakwenda kwake. Hakuna anayelipwa hata shilingi. Kumbukumbu ya zamu zote ilikuwa kichwani mwa shangazi, naye akaniambia kichwa kimeanza kuchoka. "Wewe si unaandika programu za watu Nairobi? Hebu niandikie na mimi moja."

Nilifurahi kama mtoto wa Idi. Wikendi mbili tu nikawa nimemaliza: Python kidogo, hifadhidata ya SQLite, na ukurasa mmoja wa kuchapisha. Kila mwanamke nilimpa hesabu yake. Ukienda kulima kwa mwenzio, unaongezewa moja. Wakija kulima kwako, unapunguziwa kwa idadi ya waliokuja. Mzunguko ukikamilika na kila mtu akiwa ametimiza zamu, wote wanarudi sifuri. Hesabu safi kabisa! Nikatia na rangi: aliyezidi anaandikwa kwa kijani, aliyepungua kwa nyekundu. Nikaichapisha orodha, nikaituma kwa matatu.

Mwanamke mmoja alitokea na kumi na moja pungufu, nyekundu kama pilipili. Wenzake kumi na watatu walikuwa wamemlimia, naye alikuwa amewalimia wawili tu, kwa sababu alikuwa amejifungua. Kila mtu kikundini alilijua jambo hilo na hakuna aliyelitaja. Baada ya orodha yangu kubandikwa, akawa mdaiwa nambari moja wa kijiji. Wiki tatu hakuonekana. Kisha akamtuma mumewe kuuliza kama deni lile anaweza kulilipa kwa pesa, na kwa bei gani.

Shangazi akanipigia tena. Hakunigombeza. Alisema tu: "Mwanangu, sisi tulikuomba utukumbushe zamu. Hatukukutuma ututafutie wadaiwa."

Maneno hayo yalinikaa. Ndipo nikaanza kusoma, na nilichokipata ndicho ninachotaka kuwasimulia leo.

Mwaka 1888

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1888 Mmarekani mmoja aitwaye Edward Bellamy alichapisha riwaya iitwayo Looking Backward. Ndani yake mtu analala Boston mwaka 1887 na kuamka mwaka 2000. Anakuta mji hauna pesa. Kila raia anapewa na taifa sehemu yake ya mali ya mwaka, na anachukua bidhaa ghalani kwa kuonyesha kadi. Bellamy aliiita kadi ya mkopo, miaka mingi kabla ya benki kuziuza kadi zao. Kitabu kilisomwa mno, watu wakaanzisha vyama vya siasa kwa ajili yake. Ndiyo moja ya ndoto za mwanzo maarufu za uchumi usio na sarafu.

Sasa tazameni mzaha wa historia. Mwaka huohuo wa 1888, Kampuni ya Imperial British East Africa ilipata hati yake ya kifalme, na sarafu zake zilizochongwa jina la Mombasa zina tarehe ya mwaka huo. Yaani wakati Bellamy anawaotesha Wamarekani dunia isiyo na pesa, huku pwani yetu ilikuwa inaletewa pesa mpya.

Si kwamba watu wa pwani hawakuijua pesa. La hasha. Reale za Maria Theresa zilizunguka, rupia za Kihindi zilizunguka, vitambaa vilitumika kama malipo, na kauri zilizookotwa katika fuo za Afrika Mashariki zilipakiwa na wafanyabiashara wa Hamburg hadi Afrika Magharibi, ambako zilikuwa fedha kamili. Tofauti ni kwamba mtu wa kawaida aliyekuwa na mihogo, nazi, kuku na jirani aliweza kupitisha mwezi mzima bila kuigusa sarafu.

Hali hiyo haikudumu. Mwaka 1895 na 1896 Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, mwenye makao yake Gazi, hapahapa kati ya Diani na Msambweni, alipigana na Waingereza hadi akashindwa na kukimbilia upande wa Wajerumani. Baada yake serikali ya kikoloni ilijikita, na miaka ya mwanzo ya 1900 ikaja kodi ya kibanda. Hapo ndipo mambo yanapobadilika. Ukiwa na kodi inayodaiwa kwa fedha, hutaki tena sarafu kwa sababu ya biashara; unaitaka kwa sababu usipokuwa nayo utashtakiwa. Mtu mwenye ghala lililojaa mahindi akawa maskini kwa siku moja, kwa kukosa kitu kimoja tu: sarafu inayotambuliwa na karani.

Tena sarafu yenyewe haikutulia. Kati ya 1920 na 1922 Kenya ilitoka kwenye rupia, ikapita kwenye florini, ikaingia kwenye shilingi. Aliyeweka rupia zake chini ya godoro alilazimika kujifunza hesabu mpya mara mbili katika muda mfupi. Sisi waandika programu tunalalamika mtu akibadilisha toleo la maktaba. Hebu fikirini kubadilishiwa pesa.

Mweria

Katikati ya hayo yote kulikuwa na mfumo mwingine ambao haukuvunjika. Wadigo, Waduruma na Wagiriama wanaufahamu kwa jina la mweria. Watu wanakusanya nguvu zao, wanalima shamba la mmoja, kisha la mwingine, kwa zamu. Wengine hujengeana nyumba kwa njia hiyohiyo. Waswahili wana neno ujima, Kenya huru ikachukua harambee, na ng'ambo ya mpaka Mwalimu Nyerere akajaribu kuijenga nchi nzima juu ya ujamaa kwa Azimio la Arusha la 1967.

Kikundi cha shangazi ndicho mweria huo, ingawa nilipokuwa naandika programu sikujua. Nilidhani ni akina mama wachache waliobuni ujanja wa kuokoa gharama.

Tukiutazama kwa jicho la fundi, mweria ni mfumo wa mikopo usio na benki. Anayelimiwa leo amekopeshwa na wote. Anayelima leo anaweka akiba kwa mwenzake. Hakuna riba. Hakuna mtu wa nje anayehitajika kuleta mtaji, kwa kuwa mtaji ni mikono, na mikono imo tayari kijijini. Mvua ikinyesha hakuna wa kusema tusubiri mpaka tupate pesa. Hapo ndipo siri yake ilipo: ukosefu wa pesa haukuruhusiwa kuwa ukosefu wa kazi.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu Kwale inajua sana maana ya pesa kuondoka ghafla. Hoteli za Diani zinategemea msimu, na msimu unategemea habari za Ulaya. Agosti 1997 ghasia zilizoanzia Likoni zilifukuza watalii pwani ya kusini, hoteli zikafunga, na vijana waliokuwa wakibeba mizigo wakarudi vijijini mikono mitupu. Mwaka 2014 Waingereza walitoa onyo la usafiri na watalii wao wakarudishwa nyumbani kwa ndege. Mwaka 2020 ikaja korona. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilikuwa kimekufa tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Mchanga wa titani uliochimbwa na Base Titanium ulianza kusafirishwa mapema 2014, na kufikia mwisho wa 2024 uchimbaji ulikwisha. Miaka kumi na moja hivi, basi.

Kila safari ni hadithi ileile. Mikono ipo, ujuzi upo, samaki wapo baharini, nazi ziko juu. Kilichoondoka ni zile karatasi za kuwaunganisha. Fundi baiskeli anataka mahamri, mama wa mahamri anataka samaki, mvuvi ana baiskeli imepasuka gurudumu. Wote watatu wamekaa wanatazamana.

Msitu unaolipwa kwa kusimama

Kabla sijafika kwenye pesa mpya, tupite Gazi. Ndoto ya jamii isiyoimaliza dunia yake ina upande wa miti pia, na Gazi waliujaribu kwa vitendo.

Mikoko ya pwani hii ni biashara ya kale. Majahazi ya kaskazi na kusi yalibeba boriti hadi Omani na Ghuba nzima, na wasanifu wa nyumba za mawe za Waswahili walipima upana wa chumba kwa urefu wa boriti. Wakataji walikuwa na majina ya kila unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa. Lugha yenye majina mengi hivyo kwa kijiti ni lugha ya watu wanaojua wanachokikata. Lakini katika miaka ya 1970 mikoko ya Gazi ilikatwa pia kwa wingi kuwa kuni za viwanda, na palipofyekwa hapakuota tena. Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982.

Mwaka 1991 watafiti wa taasisi ya serikali ya bahari na uvuvi, KMFRI, akiwemo mwanasayansi James Kairo, walianza kupanda mikoko upya Gazi. Kazi ya matope hadi magotini. Mkoko unaota kama unavyojua, kwa kuchomeka mbegu yake ndefu kwenye tope maji yakitoka. Baada ya muda walikuwa na msitu wa kupanda unaoweza kupimwa, na vipimo vikaonyesha kitu muhimu: sehemu kubwa ya kaboni ya mikoko haiko kwenye shina, iko chini, kwenye tope lisilo na hewa, ambako majani na mizizi havioozi kwa haraka. Ukikata mkoko hupotezi mti tu, unafungua ghala.

Kutokana na hesabu hiyo ukazaliwa mradi wa Mikoko Pamoja, ulioidhinishwa 2013 chini ya kiwango cha Plan Vivo. Vijiji vya Gazi na Makongeni vilikubali kulinda hekta 117 kwa miaka ishirini. Makadirio ni tani 3,000 hivi za kaboni dioksidi kwa mwaka, ambazo huuzwa kwa watu na makampuni ya nje kupitia shirika la hisani lililosajiliwa Uskoti. Ulikuwa mradi wa kwanza duniani wa jamii kuuza kaboni ya mikoko. Katika miaka ya mwanzo mapato yalikuwa kama dola 12,000 kwa mwaka. Pesa hizo zilikwenda kwenye maji ya bomba, vitabu vya shule na upandaji miti, na waliopanga matumizi ni wanakijiji wenyewe barazani. Mwaka 2017 mradi ulishinda Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Baadaye vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu, karibu na mpaka wa Tanzania, wakaanza wa kwao kwenye hekta 460.

Si mara ya kwanza kwa Kwale. Mwaka 1995, upande wa Shimba Hills, wenye mashamba ya Golini na Mwaluganje walioona mahindi yao yakiliwa na ndovu kila msimu waliamua kuunganisha ardhi yao iwe hifadhi ya ndovu, wakawa wanagawana ada za lango kama mgao. Wakatengeneza hata karatasi kutokana na mavi ya ndovu. Ndovu aliyekuwa mwizi akageuka mpangaji.

Na kabla ya hao wote kulikuwa na makaya. Misitu kama Kaya Kinondo, karibu na Diani, haikulindwa kwa mkataba wala kwa dola. Ililindwa kwa wazee, makaburi na miiko. UNESCO iliitia misitu mitakatifu ya Wamijikenda katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, lakini miti ilikuwa imesimama muda mrefu kabla ya cheti.

Nina jambo moja la kusema hapa, kwa heshima. Dola 12,000 ukigawa kwa hekta 117 unapata kama dola 103 kwa hekta kwa mwaka mzima. Ni pesa ya maana kijijini, lakini si bei ya msitu. Na bei hiyo inategemea mnunuzi wa mbali, sawasawa na hoteli ya Diani. Mnunuzi akichoka na kaboni, Gazi inabaki na nini? Nadhani jibu ni kwamba inabaki na kamati, na mazoea ya kukaa barazani kuamua pamoja, na samaki wanaozaliana katika mizizi ile. Hayo hayauzwi Uskoti.

Vocha zilizoshtakiwa

Sasa tufike kwenye pesa, maana najua wengi wenu mmesoma mpaka hapa mkingoja neno blokucheni.

Mwaka 2010 Will Ruddick, mwanafizikia Mmarekani anayeishi Kenya, alijaribu na wenzake vocha iliyoitwa Eco-Pesa katika eneo la Kongowea. Jaribio lililovuma ni la pili: Bangla-Pesa, lililozinduliwa Mei 2013 katika mtaa wa Bangladesh, Mikindani, Mombasa. Wazo ni rahisi mno. Wenye vibanda na mafundi wa mtaa wanaunda chama. Anayetaka kuingia anadhaminiwa na wanachama wengine wanne. Akikubaliwa anapewa vocha za karatasi zinazopokewa na wanachama wote, naye anaahidi kuzipokea kwa bidhaa zake. Siku shilingi hazipo, fundi analipa mahamri kwa vocha, mama wa mahamri ananunua samaki kwa vocha, mvuvi anatengenezewa baiskeli kwa vocha. Vocha inarudi ilikotoka, na watu watatu wamekula.

Kabla ya mwezi kuisha, polisi walifika. Ulikuwa wakati wa wasiwasi mkubwa pwani kuhusu Mombasa Republican Council, na tetesi zikaenea kwamba vocha zile ni pesa ya wanaotaka kujitenga. Ruddick na wanachama watano walikamatwa na kushtakiwa kwa kughushi. Hebu fikiria mama muuza mboga kizimbani kwa kosa la kughushi sarafu ambayo hakuna mtu aliyewahi kudai ni shilingi ya Kenya! Agosti 2013 mashtaka yaliondolewa, na baadaye mwaka huo vocha zikaanza kuzunguka tena.

Hili lilikwisha kutokea kwingine. Mwaka 1932 mji mdogo wa Wörgl, Austria, chini ya meya Michael Unterguggenberger, ulitoa vyeti vyake katikati ya janga la ukosefu wa kazi. Kila mwezi cheti kilipoteza asilimia moja ya thamani isipokuwa ukibandikia stempu, kwa hiyo hakuna aliyekificha chini ya godoro. Wazo lilitoka kwa Silvio Gesell, mfanyabiashara Mjerumani aliyeamini pesa inapaswa kuoza kama viazi vinavyooza, ili mwenye pesa asiwe na nguvu kuliko mwenye viazi. Barabara zilijengwa, daraja likajengwa, na mwaka 1933 benki kuu ikapiga marufuku. Serikali zote, Wien au Nairobi, zina masikio makali zikisikia neno pesa.

Kinango

Kutoka karatasi, shirika la Ruddick, Grassroots Economics, likahamia kwenye simu. Na hapa ndugu zangu waandika programu mtege sikio. Hawakuandika programu ya simu kubwa. Walitumia USSD, zile namba za nyota na reli, kwa sababu mkulima wa Kinango ana kabambe ya betri ya siku tano, hana simu ya kioo. USSD ni mateso: skrini moja ina herufi 182 tu, na kipindi kikikatika unaanza upya. Lakini inafika kila mahali mtandao unapofika. M-Pesa, tangu 2007, ilikuwa imeshawazoesha watu kuamini namba zilizo kwenye simu. Nyuma ya USSD kulikuwa na leja ya blokucheni. Mtumiaji hakuiona wala hakuhitaji kuijua.

Sarafu, ndilo jina walilolipa, ilipata moto mkubwa mwaka 2020, korona ilipofunga masoko. Kati ya Januari 2020 na Juni 2021 akaunti zilifika kama 40,000 na miamala ikapita 400,000, na Kinango, kaunti ya Kwale, ilikuwa moja ya sehemu zilizoitumia zaidi. Salio lililolala bila kutumika lilitozwa asilimia mbili kwa mwezi. Gesell angefurahi. Data, baada ya kuondolewa majina, ilitolewa wazi kwa watafiti, jambo ambalo sisi wapenzi wa programu huria tunapaswa kulipigia makofi.

Watafiti walipoichambua walikuta mambo mawili yaliyonigusa. La kwanza, pesa hiyo haikutapakaa ovyo. Ilizunguka katika vikundi vidogo vya watu wa sehemu moja, kama maji ya kidimbwi. La pili, waliokuwa katikati ya mizunguko hiyo hawakuwa wenye maduka makubwa. Walikuwa vyama vya akiba vya vijijini na viongozi wa dini. Yaani watu ambao tayari walikuwa wanaaminiwa kabla ya simu kuwepo.

Someni tena sentensi hiyo. Blokucheni ilitangazwa duniani kama teknolojia ya watu wasioaminiana. Kinango ilifanya kazi pale ambapo watu walikuwa wanaaminiana tayari. Leja haikuumba imani; iliipanda mgongoni kama mtoto anavyobebwa kwa leso. Na katika miaka iliyofuata Ruddick mwenyewe amekuwa akizungumza sana kuhusu mweria, na kazi ya shirika lake imesogea kutoka sarafu moja ya wote kuelekea vocha za kila kikundi, yaani ahadi za watu wanaojuana. Safari ndefu kupitia Wörgl na mitambo ya siri za hesabu, kumbe inarudi kwa bibi mwenye jembe.

Nilichobadilisha

Basi nilirudi Msambweni. Sikumweleza shangazi habari za Gesell. Nilikaa upenuni nikauliza swali ambalo ningeuliza siku ya kwanza: yule mama aliyejifungua, mlikuwa mnamhesabu vipi zamani?

Shangazi akashangaa. "Hatukuwa tunamhesabu. Mtoto akianza kutembea atakuja mwenyewe. Asipoweza, bintiye atakuja."

Hapo nikaelewa kosa langu. Mimi nilidhani mweria ni hesabu ambayo bado haijaandikwa, kwa hiyo nikaiandika. Kumbe sehemu ya mweria ni ile hesabu ambayo watu wamekubaliana kutoiandika. Deni lisilosemwa ndilo linalomrudisha mtu. Likishasemwa na kuwekewa namba, linaweza kulipwa, na likishalipwa mtu anaweza kuondoka. Yule mama alipomtuma mumewe kuulizia bei, alikuwa anafuata mantiki ya programu yangu kwa usahihi kabisa. Programu ilimwambia yeye ni mdaiwa. Akafanya kama mdaiwa.

Nilifuta safu ya salio. Nikafuta rangi. Nikabakisha mambo mawili: zamu ya wiki hii ni ya nani, na wiki ijayo ni ya nani. Msimbo ukapungua zaidi ya nusu. Shangazi mwenyewe alikwenda kwa yule mama na bakuli la kunde na hawakuzungumza juu ya orodha hata kidogo. Msimu uliofuata alikuja kulima, mtoto mgongoni.

Sisemi tusiandike leja. Mikindani walizihitaji vocha zao kwa sababu mtaa ni wa wageni kutoka kila upande, na mdhamini wa nne huenda humjui baba yake. Gazi wanahitaji kupima tani, maana mnunuzi yuko mbali na hajui tope lao. Pale watu wasipojuana, namba ni daraja. Lakini kabla ya kujenga daraja, tazama kwanza kama kuna mto.

Ninyi mnaotaka kuandika programu ya kubadilisha uchumi wa dunia, na najua mmo humu, nina ombi moja. Kabla hamjafungua tarakilishi, nendeni mkalime siku moja na watu mnaotaka kuwasaidia. Mkichoka mtaambiwa mkae kivulini, na hakuna atakayeandika kwamba mlikaa.

Haya, tukutane tena panapo majaaliwa.